Kupandisha Mbwa kwa Mara ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye jike na dume ambao hawajawahi kupandana, na anayetaka kazi ifanyike bila mbwa kuumia. Upandishaji mwingi wa kwanza hushindikana kwa sababu ya siku, wala si kwa sababu mbwa hawajui. Kwa hiyo sehemu ya siku imepewa nafasi kubwa, na majibu mengi mengine yanarudi kwake.

## Kabla ya kuamua

Jike wangu amepata joto la kwanza (kipindi cha kutoka damu na kutaka dume) akiwa na miezi 8. Nimpandishe?

Hapana. Mwili unaweza kushika mimba, lakini yeye mwenyewe bado anakua: nyonga haijakomaa, na chakula ambacho kingejenga mifupa yake kitakwenda kwa watoto. Majike wadogo namna hiyo ndio mara nyingi huwakataa watoto wao au kuishiwa maziwa. Subiri joto la pili au la tatu, akiwa amefikisha angalau miezi 18. Kwa mbwa wakubwa kama German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, miaka 2 ni bora zaidi, kwa sababu ndipo picha ya eksrei ya nyonga inapoweza kuaminika.

Upande wa pili pia upo. Jike anayezaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 6 au zaidi huwa na watoto wachache na uchungu mgumu. Kama umri umeshapita hivyo, ni heri umwache.

Dume anafaa akiwa na umri gani?

Madume wengi huanza kujaribu kupanda wakiwa na miezi 6 hadi 10, lakini mbegu zao bado si nyingi wala si imara. Anza akiwa na miezi 12 hadi 18, na kwa mbwa wakubwa sogeza hadi miaka 2. Mpapase: korodani zote mbili ziwe zimeshuka, zinalingana, na hazina uvimbe. Dume mwenye korodani moja tu iliyoshuka asitumike, hata kama ni mzuri na ana hamu, kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa na watoto.

Uliza pia kama aliugua hivi karibuni. Mbegu za mbwa huchukua takriban miezi miwili kutengenezwa. Dume aliyekuwa na homa kali ya kupe mwezi uliopita anaweza kupanda vizuri kabisa leo na jike asishike mimba.

Wapimwe nini kwanza?

Fanya haya mwezi mmoja au miwili kabla ya joto, si jike akishaanza kutoka damu:

- Chanjo zote ziwe hai: kichaa cha mbwa, distempa, parvo na leptospira. Chanjo zenye virusi hai hazitolewi kwa jike mwenye mimba, kwa hiyo ukichelewa umechelewa.
- Dawa ya minyoo kwa wote wawili, na kinga ya kupe na viroboto.
- Damu kwa ajili ya magonjwa ya kupe, babesia na erlikia. Dawa inayotumika sana kwa erlikia, doksisaiklini, huharibu meno na mifupa ya watoto walio tumboni. Ni bora ugonjwa utibiwe na kuisha kwanza.
- Brusela ya mbwa (Brucella canis). Huambukizwa kwa kupandana, hutoa mimba mwishoni mwishoni, huvimbisha korodani, na viuavijasumu mara nyingi haviimalizi. Pia inaweza kumwambukiza mtu anayegusa kwa mikono mitupu mimba iliyotoka.
- Sehemu za siri zitazamwe kwa macho. Katika miji yetu yenye mbwa wengi wanaozurura, uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana ni jambo la kawaida. Huonekana kama vipande vya koliflawa vyekundu vinavyovuja damu, kwenye uke au ndani ya ngozi inayofunika uume. Unatibika kwa sindano za vinkristini zinazotolewa kila wiki, lakini mbwa mwenye uvimbe huo asipande wala kupandwa mpaka apone.

Mwombe daktari wa mifugo aingize kidole kwenye uke wa jike ambaye hajawahi kupandwa. Wengine wana utando au ukanda wa nyama unaoziba njia, na ukijulikana mapema unaepusha maumivu makubwa.

Je, wote wawili wakiwa wageni itashindikana?

Haishindikani, ila huchukua muda mrefu zaidi. Ungeweza kuchagua, ungempa jike mgeni dume mzoefu, au dume mgeni jike mtulivu aliyeshazaa. Ukiwa na wageni wawili, tenga saa nzima bila haraka, na ujue kwamba siku ya kwanza inaweza kuisha kwa kujuana tu.

Ukubwa na ukoo vina uzito gani?

Vina uzito mkubwa. Usimpe jike mdogo dume mkubwa. Watoto wanaweza kushindwa kupita, na kinachofuata ni upasuaji. Dume awe sawa na jike au mdogo kidogo.

Kuhusu ukoo, omba majina ya wazazi na mababu wa pande zote mbili. Mbwa wa aina za kigeni katika Afrika Mashariki mara nyingi wametokana na mbwa wachache walioletwa, na watu huoanisha ndugu bila kujua. Kaka na dada, au baba na binti, wasipandishwe. Ukitaka watoto wasajiliwe na East Africa Kennel Club, uliza masharti yao kabla ya kupandisha.

## Kuijua siku

Joto hudumu siku ngapi?

Kwa kawaida wiki tatu, na hurudi kila baada ya miezi 6 hivi, ingawa miezi 5 hadi 10 bado ni kawaida. Siku ya kwanza ni siku ya kwanza unapoona damu, na uiandike. Takriban siku 9 za mwanzo uke huvimba na kuwa mgumu, damu ni nyekundu, madume wanamfuata lakini yeye anawafukuza. Kisha huja siku nyingine takriban 9 ambazo anakubali. Namba hizi ni za wastani: awamu ya kwanza inaweza kuwa siku 3 au 17.

Jike anayejilamba sana hukuficha damu. Kila asubuhi mfute kwa karatasi laini nyeupe na utazame rangi.

Nitajuaje kwamba yuko tayari?

Tazama mambo matatu kwa pamoja. Rangi hubadilika kutoka nyekundu kuwa hafifu, ya majimaji ya nyama au ya manjano ya majani makavu. Uke unabaki mkubwa lakini unalainika. Ukiubonyeza kwa kidole kilichovaa glavu hauko tena mgumu. Na ukimkuna mgongoni karibu na shina la mkia, anasimama imara, anapeleka mkia pembeni na kuuinua uke juu.

Kupeleka mkia pembeni peke yake hakutoshi. Majike wengine hufanya hivyo siku kadhaa kabla ya mayai kutoka, na wengine huendelea baada ya muda kupita. Pia wapo wanaotoka damu nyekundu mpaka siku wanayopandwa.

Nimeambiwa siku ya 11 na ya 13. Ni kweli?

Ni kweli kwa majike wengi, na ndiyo maana ushauri huo umeenea. Tatizo ni wale wengine. Kuna majike ambao mayai hutoka siku ya 6 au 7, na wengine siku ya 20 na kuendelea. Ukimpeleka jike wa namna hiyo siku ya 11, atamng'ata dume au atapandwa bure, kisha lawama zitawaangukia mbwa.

Mayai ya mbwa hutoka yakiwa hayajakomaa. Yanahitaji siku mbili hivi ndani ya mirija kabla ya kuweza kurutubishwa, halafu hudumu siku mbili au tatu. Mbegu za dume huishi ndani ya jike siku 5 hadi 7. Kwa hiyo kupandisha mapema kidogo kuna nafuu kuliko kuchelewa.

Kama huna kipimo chochote, anza kumjaribu kwa dume siku ya 9, kisha kila baada ya siku moja. Akikubali, pandisha, na urudie kila baada ya saa 48 mpaka akatae. Hiyo ndiyo njia salama ya mtu asiye na maabara.

Kipimo cha projesteroni kinasomwaje?

Ni kipimo cha damu cha homoni inayopanda mayai yanapokaribia kutoka, na ndicho kinachotegemewa zaidi. Anza siku ya 5 au 6, rudia kila baada ya siku mbili. Kwa nanogramu kwa mililita:

- Chini ya 1: bado mapema.
- Karibu 2: mwili umetoa ishara, mayai yatatoka baada ya siku mbili hivi.
- Karibu 5: mayai yanatoka. Pandisha siku mbili baadaye, na mara ya pili siku mbili baada ya hapo.

Soma kizio kilichoandikwa kwenye majibu. Maabara nyingine hutumia nanomoli kwa lita, na hapo 5 inakuwa takriban 16. Watu wamepandisha siku kadhaa kabla ya wakati kwa kuona "5" ambayo ilikuwa ya nanomoli, yaani chini ya 2 kwa kizio kingine. Kama kliniki yako haina mashine, maabara ya hospitali ya binadamu inaweza kupima homoni hiyohiyo. Peleka sampuli kupitia daktari wako. Tumia maabara moja mwanzo hadi mwisho.

Projesteroni haipatikani kwetu. Kuna njia nyingine?

Ipo: kupaka seli za uke kwenye kioo na kuzitazama kwa hadubini. Daktari huingiza pamba yenye kijiti, anapaka, anatia rangi, anatazama. Wakati wa kukubali, karibu seli zote huwa bapa, zenye kona, na nyingi hazina kiini. Njia hii haionyeshi siku hasa ya mayai kutoka, lakini inakuambia kama uko ndani ya siku za kukubali au nje, na gharama yake ni ndogo. Daktari asiye na uzoefu nayo anaweza kukuelekeza hospitali ya mafunzo, kwa mfano ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, au ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

## Siku yenyewe

Nani anamfuata mwenzake?

Jike anapelekwa kwa dume. Dume kwenye uwanja wake hujiamini. Akipelekwa ugenini hutumia nusu saa kunusa kuta na kukojolea kila kona, na dume mgeni anaweza kusahau kabisa kilichomleta. Kama jike ni mwoga sana, mpeleke saa chache mapema azoee mahali.

Niandae nini?

Mahali patulivu palipofungwa, pasipo mbwa wengine, kuku wala watoto wa kutazama. Chini pasiteleze. Vigae na saruji laini ndivyo vinavyoharibu kazi mara nyingi: miguu ya nyuma ya dume inateleza, anashuka, na baada ya mara tatu anakata tamaa. Tandika zulia kuukuu au mkeka wa mpira, au tumia nyasi fupi.

Chagua saa za ubaridi, kabla jua halijapanda au jioni. Joto la mchana wa Mombasa au Dar es Salaam linamchosha dume kabla hajafika popote. Wasile kwa muda wa saa tatu kabla ya kupandana, maana dume aliyeshiba hutapika akihangaika. Wote watembezwe wakojoe na kunya kwanza.

Vifaa: kola na kamba kwa kila mmoja, kifunga mdomo au bendeji laini, mafuta ya kulainisha ya maji yasiyo na manukato (kidogo sana, kwa kuwa mafuta ya kawaida hudhuru mbegu), maji ya kunywa, taulo safi, na saa. Jike mwenye manyoya marefu nyuma anyolewe au manyoya yafungwe pembeni.

Watu wawili wanatosha: mmoja kichwani kwa jike, mwingine kwa dume. Mwenye jike ndiye amshike jike.

Hatua zenyewe zikoje?

Waanze wakiwa na kamba, wanuse kupitia uzio au wakiwa mita mbili hivi. Jike akionyesha kucheza, kuinamisha kifua na kupeleka mkia pembeni, legeza kamba. Waache wachezeane dakika 5 hadi 10. Michezo hii msiikate. Inamtuliza jike na kumwamsha dume.

Dume akianza kupanda kwa mwelekeo sahihi, mshikaji wa jike apige goti mbele, ashike kola pande mbili na kukituliza kichwa. Mkono wa mtu wa pili unaweza kupita chini ya tumbo la jike, mbele ya mapaja, ili asikae. Dume atasukuma mara kadhaa akitafuta; akishapata, kasi huongezeka, miguu ya nyuma inachezacheza, kisha anatulia. Msimguse dume kiunoni wakati anatafuta, kwani madume wengi wapya hushuka wakiguswa.

Jaribio moja lisizidi dakika 15 hadi 20. Baada ya hapo watenganishe, wapumzike saa moja au mbili mahali wasipoonana, mjaribu tena. Wakishindwa mara mbili, rudini kesho.

Dume anapanda kichwani au ubavuni.

Ni kawaida kwa dume mgeni. Usimkemee wala usimvute kwa nguvu. Akikemewa sasa, mara ijayo atakutazama wewe badala ya jike. Mgeuze jike, ili nyuma yake iwe mbele ya dume. Mara nyingi inatosha kufanya hivyo mara nne au tano. Dume akipanda sawa, msifu kwa sauti ya chini.

Kama urefu hauendani, dume mfupi apandishwe kwenye zulia lililokunjwa au ubao imara wenye mkeka juu; jike mfupi ndiye akanyage hapo kama dume ni mrefu.

Uume umevimba nje kabla hajaingia. Nifanyeje?

Shina la uume wa mbwa lina sehemu inayovimba kama tufe. Ikivimba nje haiwezi tena kuingia, na kulazimisha ni kumuumiza jike. Mtoe dume, mtembeze mbali na jike mpaka uvimbe ushuke na uume urudi ndani, kisha asubiri angalau saa moja. Hutokea kwa madume wenye papara, na dawa yake ni kupunguza muda wa michezo mara ijayo.

Jike anang'ata na kukaa chini.

Fikiria siku kwanza (tazama "Nitajuaje kwamba yuko tayari?"). Jike aliye katika siku zake hunguruma kidogo, hasa akiwa mgeni, lakini anasimama. Anayemrukia dume kwa meno, kukaa na kufunga mkia katikati ya miguu anasema bado, au muda umepita. Rudi baada ya siku moja au mbili, au pima.

Ikiwa kipimo kimethibitisha siku na bado anarusha meno kwa woga, mfunge mdomo kwa upole ili dume asijeruhiwe. Dume mgeni aliyeng'atwa usoni anaweza kuogopa majike kwa muda mrefu. Akilia kwa maumivu kila dume anapogusa ndani, acha na mpeleke kwa daktari, pengine kuna utando. Kumshikilia jike anayepigana hadi apandwe hatukubaliani nako kamwe. Ni ukatili, na kwa kawaida siku yenyewe huwa si yake.

Ukiumwa wewe katika purukushani, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na uende kituo cha afya, hata kama mbwa amechanjwa.

## Kunasana

Kwa nini wananasana, na kwa muda gani?

Ule uvimbe wa shina la uume hujaa damu ukiwa ndani, na misuli ya uke inaukaza. Dume hushuka mgongoni, anapitisha mguu mmoja wa nyuma juu ya jike, wanabaki wamepeana migongo. Kwa kawaida huchukua dakika 10 hadi 30, lakini dakika 5 au 45 pia ni kawaida. Mbegu nyingi hutoka mwanzoni. Kinachofuata ni majimaji ya tezi ya dume yanayozisukuma mbele.

Mimi nifanye nini wakati huo?

Ushike kola zote mbili na utulie. Dume mgeni anaweza kushtuka akijikuta amekwama na kuanza kuvuta. Jike mgeni anaweza kulia, kukaa au kujaribu kubingirika. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya siku nzima. Mzuie jike asikae wala kulala. Dume akishindwa kugeuka, inua mguu wake wa nyuma taratibu uupitishe juu ya mgongo wa jike. Akipenda kubaki ubavuni, mwache hivyo. Andika saa waliyonasana na saa waliyoachana.

Majirani wanataka kuwamwagia maji ili waachane.

Wazuie kabisa. Maji, fimbo, mawe na kuvutana havifungui kitu, kwa sababu uvimbe hushuka wenyewe tu. Mbwa wanaovutwa hupasuka: jike anaweza kuchanika uke au kutoka nyama ya ndani, na dume anaweza kuvuja damu nyingi au kuvunjika mfupa mdogo ulio ndani ya uume. Watoto wa mtaani wakiona mbwa wamenasana hupenda kurusha mawe. Ndiyo sababu tumesema mahali pawe pamefungwa.

Imepita saa nzima. Je?

Hakikisha pametulia, jike hasisimki na hakuna mbwa mwingine karibu. Kumsukuma dume kidogo nyuma kuelekea kwa jike, badala ya kumvuta, hupunguza mkazo. Ikizidi saa moja, mpigie daktari.

Hawakunasana kabisa. Mimba inaweza kushika?

Inaweza. Dume akiingia na kumwaga kisha akatoka, mbegu huenda zimefika. Uwezekano ni mdogo kuliko wakinasana, kwa hiyo rudia kesho yake badala ya kusubiri siku mbili. Ukiwaona wanateleza, mtu anaweza kumshikilia dume kwa upole karibu na jike kwa dakika 5.

## Baada ya kuachana

Nini kinafuata mara moja?

Jike apelekwe akapumzike mahali penye utulivu. Majimaji kidogo yakidondoka ni kawaida. Kumwinua miguu ya nyuma si lazima, ingawa hakumdhuru. Mkague dume: uume urudi ndani ya ngozi yake ndani ya dakika 15 hadi 20. Mara nyingine manyoya au ukingo wa ngozi hujikunja ndani na kuuzuia. Mwagia maji baridi safi, paka mafuta ya kulainisha, vuta ngozi mbele taratibu. Sukari iliyoloanishwa ikipakwa hupunguza uvimbe kwa kuvuta maji. Ukibaki nje saa nzima, ukikauka au kugeuka rangi ya zambarau, ni dharura ya daktari siku hiyohiyo.

Wapandishwe mara ngapi?

Mara mbili, zikipishana saa 48, zinatosha ukijua siku. Usipoijua, fuata utaratibu wa kila baada ya saa 48 ulioelezwa juu. Baada ya hapo jike abaki amefungiwa mpaka joto liishe kabisa. Hajui kuwa na dume mmoja: akipandwa na wa mtaani siku ya pili, mimba moja inaweza kuwa na watoto wa baba wawili.

Lini nitajua ana mimba, na atazaa lini?

Ultrasaundi huonyesha kuanzia siku ya 25 hadi 30. Eksrei hufaa kwa kuhesabu watoto kuanzia siku ya 55, mifupa ikiwa imeshakomaa vya kutosha. Kuvimba chuchu hakuthibitishi kitu, kwa sababu jike asiye na mimba naye huweza kuvimba na hata kutoa maziwa.

Ukihesabu tangu mayai kutoka, huzaa siku ya 63, mbele au nyuma siku moja au mbili. Ukihesabu tangu kupandwa, ni siku 57 hadi 72, kwa sababu mbegu husubiri mayai. Ndiyo faida nyingine ya kupima projesteroni: unajua lini uanze kuwa na wasiwasi.

Nimwongezee chakula na kalsiamu?

Chakula kibaki kilekile mpaka wiki ya 5, kisha ongeza taratibu, milo midogo mingi. Kalsiamu ya nyongeza wakati wa mimba usimpe. Mwili hulegea katika kuitoa yake mwenyewe, na akianza kunyonyesha anaweza kupata degedege. Dawa yoyote, hata ya kupe, ipitie kwa daktari.

## Yasiyo ya kawaida

Alianza damu, akaacha, hakukubali dume, sasa ameanza tena baada ya mwezi.

Ni joto lililokatika, na ni la kawaida kwa majike wachanga. La kwanza halikuwa na mayai. Hesabu siku upya kutoka damu mpya.

Alipandwa na dume nisiyemtaka. Kuna sindano?

Usikubali sindano ya estrojeni. Inaweza kuharibu uboho wa mifupa na kuleta usaha kwenye kizazi. Sindano za kuzuia uzazi za wanawake, ambazo wengine huwachoma mbwa, nazo huleta usaha huo. Zungumza na daktari mapema. Kama hutaki watoto tena, kuondoa kizazi ndilo suluhisho safi.

Dume hana hamu hata kidogo.

Angalia siku ya jike, kisha maumivu ya mgongo na nyonga, kisha historia: dume aliyekuwa akipigwa kila alipojaribu kupanda kitu huogopa mbele ya watu. Jaribu mkiwa mbali kidogo, mshikaji akiwa mtu asiyemwogopa. Usimchome testosteroni, inashusha utengenezaji wa mbegu. Vidonge vya wanaume vya nguvu pia visihusike.

Siku ni sahihi, wote wazima, lakini hawawezi.

Daktari anaweza kukusanya mbegu za dume na kuziingiza kwa jike papo hapo. Mbegu mbichi zikiwekwa siku sahihi hushika vizuri, na papo hapo zinatazamwa kwa hadubini kama zinatembea. Lakini ikiwa sababu ya kushindwa ni kasoro ya kurithi, hapo usiendelee.

Wiki tano baada ya kupandwa anakunywa maji sana, hataki kula, ana uchafu unaonuka.

Mpeleke leo. Usaha kwenye kizazi hutokea hasa wiki 2 hadi 8 baada ya joto, kwa aliyepandwa na asiyepandwa. Ukiona tumbo limejaa na hakuna uchafu unaotoka, ni hatari zaidi, kwa kuwa mlango wa kizazi umefunga usaha ndani.

Tukubaliane nini na mwenye dume?

Andikeni kabla ya kukutana: malipo ni fedha au mtoto mmoja, nani anachagua kwanza, na nini kitafanyika akishika mtoto mmoja tu. Wengi hukubaliana upandishaji wa pili wa bure katika joto linalofuata kama hakushika mimba. Tarehe na dakika za kunasana ziandikwe, na pande zote mbili zitie saini.